Nyumba ya Chuini Tuliyoipita

Ngamiani, Tanga
14 Agosti 1955

Shangazi yangu mpenzi Bi Kazija,

Shikamoo. Tumefika salama, na wa kwanza kukusalimu ni mdogo wangu Wanu, ambaye amenishika mkono hapa nisiandike kitu mpaka niandike jina lake. Bahari ilimtapisha njia nzima, lakini tulipotia mguu nyumbani tu akaomba wali. Mama hajambo, anakusalimu sana. Buibui lake bado linanukia udi wa nyumbani kwako na amekataa kulifua. Baba naye mzima, yumo na useremala wake. Alikuja kutupokea, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kama tulikula vizuri huko. Nikamwambia, Baba, waulize waliotulisha kama wamebakisha kitu.

Shangazi, mimi nilidhani watu wanaoisifu Unguja wanaisifu kwa sababu ni kwao. Baba mwenyewe, aliyezaliwa huko, haisifu wala haitaji, basi nikaja na macho yangu tu. Sasa wenzangu wa shuleni wamenichoka, kila neno langu Unguja. Nawaambia vichochoro vya Mjini, jinsi watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani, na bado wanaulizana habari za nyumbani mpaka wamalize. Nawaambia milango, ile iliyopambwa kwa njumu za shaba, na mama alivyosimama mbele ya mmoja akasema baba angeuona huu asingelala. Wanu yeye anasimulia saa ya mnara wa Beit el Ajaib peke yake, na kila akisimulia inazidi ukubwa.

Lakini siku niliyoipenda kuliko zote ni ile ya kwenda kwenye mapango ya Mangapwani. Ulituambia ni mwendo mdogo. Ni kweli barabara ni fupi, shangazi, ila jamaa ni wengi! Hatujakaa sawa kwenye gari, tumefika Mtoni, Duni dereva akazima moto bila kuambiwa, na Bi Mwanakheir yuko mlangoni amejishika kiuno: "Mtapitaje hapa kwangu kama watu wasio na kwao? Shukeni, nshapika." Vitumbua, chai ya tangawizi, mkate wa kumimina. Akanishika kidevu akasema, "Huyu Simai mtupu. Hata ule ukaidi wa Simai anao, utazameni usoni." Nikafurahi kama niliyepewa zawadi, maana hapa Tanga hakuna anayemjua baba alipokuwa mtoto.

Tukaenda kidogo, Bububu, Duni akazima moto tena. Mzee Kificho alikuwa keshaangusha madafu na boko-boko la ngano na nyama liko sahanini. Mama akasema kwa adabu kwamba tumeshiba, mzee akamjibu, "Mashimo ya Mangapwani hayaondoki, mwanangu. Boko-boko linapoa." Nikakuona wewe unacheka ndani ya buibui. Nilijiambia, hawa ndio watu wetu, na nikaona fahari hasa.

Tulipofika pangoni tulikuwa tumeshiba mno hata kushuka zile ngazi ilikuwa kazi. Yale maji ya chini, baridi na matamu, na bahari iko hapo karibu tu! Mama alijaza chupa, tunayo mpaka sasa. Halafu ukatupeleka kwenye kile chumba cha watumwa kilichochimbwa katika jiwe. Mama alisoma Fatiha, kisha tukateremka pwani. Sufuria yetu ya pilau tuliyoibeba tangu alfajiri tukawapa wavuvi haijafunuliwa.

Sasa shangazi, kuna jambo nataka kukuuliza. Tulipotoka Bububu, hapo Chuini, palikuwa na nyumba yenye baraza pana, uwanja umefagiliwa, mikeka imetandikwa, na moshi wa jikoni unafuka. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe na fimbo alikuwa amesimama kando ya barabara kabisa. Duni akapunguza mwendo, akaanza kukata kona aingie. Wewe ukasema, "Twende, Duni." Halafu ukatuambia tutazame bahari upande wa pili. Shangazi, upande wa pili palikuwa na minazi tu. Mimi nilitazama nyuma, na yule mzee alikuwa amenyanyua mkono.

Ni nani yule? Nilipokuwa nikimsimulia baba siku ile, nilipotaja Chuini aliomba maji ya kunywa, halafu akaenda msikitini na adhana bado.

Natia kalamu chini kwa kuwa Wanu ameanza kunivuta. Nisalimie Bi Mwanakheir na mikono yake.

Mwanao,
Sichana binti Simai


Ng'ambo, Unguja
2 Septemba 1955

Mwanangu Sichana,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mimi mzima, ila goti langu linanipa taarifa ya mvua kabla mvua haijafika. Karafuu zimeanza kuchumwa, watu wako mashamba, mitaa ya huku kimya. Bi Mwanakheir nimempelekea salamu zako na sasa hakai kimya, kila anayepita Mtoni anaambiwa kwamba mtoto wa Simai alikula vitumbua vyake akasahau shule. Mzee Kificho amekasirika kidogo kwa nini boko-boko halikusifiwa kwa maneno marefu. Utapoandika tena, litie sifa, uniponye na mdomo wake.

Unavyosimulia wewe, mtoto, mpaka mimi niliyezaliwa hapa nikatoka kwenda kuitazama hiyo milango upya. Nilisimama mbele ya mmoja hata mwenyewe akafungua akauliza kama kuna ninayemdai. Mwambie mama yako yale maji ya pangoni asiyaweke kama dawa, ni maji ya kunywa.

Umeuliza habari ya mtu wa Chuini. Chuini kuna watu wengi, na wazee wa shamba hupenda kusimama njiani kutazama magari. Mimi siku ile nilikuwa naogopa jua litatuchwea kabla ya Mangapwani, nyinyi na mama yenu mlikuwa mnakula kila mlipoketishwa.

Nikuulize na mimi. Hizi barua zangu, baba yako huzisoma? Kama huzisoma, basi mwambie mimi namsalimu kwa heshima zote, mimi mdogo wake. Na kama hasomi, wewe ujue tu kwamba kuna mtu hapa mguu wake umevimba tangu masika, na daktari kasema asisimame sana. Siku ile alisimama tangu asubuhi.

Sina zaidi. Goti limeanza kunena, naanua nguo.

Shangazi yako,
Kazija


Ngamiani, Tanga
25 Septemba 1955

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Wanu amepoteza jino la mbele na anasema liliangukia Unguja, uongo mtupu, lilianguka jikoni. Baba amepata kazi ya milango ya msikiti mpya na ananitaka nimwelezee njumu za kule Mjini zilivyopangwa. Namchorea. Ukituona tunavyokaa naye hapo uani jioni, mimi nachora yeye anasahihisha, utajua kwamba sikuandikii haya kwa kumchukia. Hakuna mtu ninayemwona mkubwa kuliko baba yangu. Na Mzee Kificho umwambie kwamba boko-boko lake nimeliota.

Barua yako nilimsomea mama. Nilipofika kwenye ule mguu, mama akajifunika uso kwa kanga. Kisha akaniambia yote, na sasa najua yule mzee ni baba mkubwa Ame. Ndugu yake baba, baba mmoja mama mmoja, na mimi nimefika umri huu sikuwahi kulisikia jina lake ndani ya nyumba yetu.

Mama amenieleza kwamba babu alipougua, mimi nilikuwa ndiyo kwanza natambaa. Baba alipata habari hapa Tanga, akapanda chombo cha kwanza alichokipata. Babu akafariki asubuhi, wakamzika laasiri ya siku ile ile kama dini inavyotaka, na baba akafika kesho yake. Akasema kaka yake hakumngoja. Alikwenda kaburini moja kwa moja, akarudi na chombo kile kile, wala hakukanyaga Chuini. Tangu hapo basi.

Mama amesema pia kwamba safari hii baba alitupa ruhusa kwa sharti moja: kila mlango tuingie, ila Chuini tusishuke. Yeye mama akakwambia sharti hilo asubuhi ile ile ya Mangapwani, na wewe ukalifuata. Shangazi, mimi sikulaumu. Nani angevunja neno la baba? Lakini huwa nafumba macho naona ile mikeka. Watu hawatandiki mikeka kwa ajili ya kutazama magari.

Nakuomba uniambie ilikuwaje nyumbani kwa baba mkubwa siku ile. Usiniambie habari za minazi.

Mwanao mwenye ukaidi wa Simai,
Sichana


Ng'ambo, Unguja
30 Oktoba 1955

Mwanangu Sichana,

Marahaba, mama. Nimechelewa, na nisikudanganye, si kwa ugonjwa. Nilianza barua tatu nne nikazitia jikoni. Huku kuna neema, karafuu zimeanikwa mpaka barabarani, mji mzima unanukia. Mzee Kificho amesikia kwamba boko-boko lake linaotwa huko Tanga na sasa hasemezeki.

Haya. Mimi ni mdogo wa wote wawili, na mdogo hawakemei wakubwa, ndiyo maana miaka yote nimekuwa nikipita baina yao kimya kimya. Nilipojua mnakuja, nilimwambia kaka Ame kwamba siku fulani nawapeleka Mangapwani. Sikumwambia neno la pili, kwani gari gani la kwetu litapita mlangoni kwa baba mkubwa wa watoto lisisimame? Mama yako aliponipa lile sharti, gari liko nje na wewe umeshakaa mbele. Hapakuwa na wa kumtuma Chuini.

Nilikwenda kwake wiki ile ile mlipoondoka. Nilitegemea anifukuze. Alinikaribisha, akaniwekea mto. Wake wa jirani ndio walionisimulia: alichinja mbuzi, alifagia uwanja kwa mkono wake na mguu ule, na tulipopita akakataza mtu asile mpaka gari lirudi. Tuliporudi jioni kwa njia ile ile bado alikuwa pale, nawe ulikuwa umelala. Chakula wakakigawa mtaani.

Unajua alichoniuliza? "Wale watoto waliniona? Yule mkubwa aligeuka, ama nimeota mie?" Nikamwambia aligeuka. Akafurahi, wallahi, akafurahi mtu mzima yule. Akaniambia, "Mkao wake mkao wa Simai, bega moja juu." Hakuna neno baya alilolisema juu ya baba yako. Alimsifu, akasema katika sisi watatu Simai ndiye aliyekuwa na mkono wa kazi, na kwamba kitanda anacholalia mpaka leo ni cha mkono wake.

Nikapata ujasiri, nikamuuliza habari ya maziko. Akasema, "Kuzika nilizika kwa wakati wake, na ingekuwa leo ningefanya vile vile. Maiti tusingemweka. Lakini nnalo moja linaniuma. Nilijua Simai yumo njiani. Asubuhi ya kesho yake nilikaa kupokea watu barazani, sikwenda bandarini. Kashuka na dawa za baba mkononi, hamali asiyemjua ndiye aliyempa pole. Mimi kaka yake ndiye wa kwenda kumwambia."

Nikamwambia, basi mwandikie. Akakataa. Akasema neno hilo haliandikwi, litasemwa kwa mdomo au atakwenda nalo kaburini. Akanikataza na mimi nisiliandike.

Kwa hiyo mimi sikuliandika, umesikia? Na baba yako usimwonyeshe karatasi hii. Ila mama yako anapenda kusomewa, na akisomewa hapo uani baba yako akiwa kazini hapo hapo, mimi Unguja nitazuiaje sauti yako?

Shangazi yako,
Kazija


Ngamiani, Tanga
22 Novemba 1955

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, nitaandika kwa haraka kwa sababu mtu wa kuichukua barua hii anaondoka leo.

Nilimsomea mama uani. Baba alikuwa anapiga randa ubao wa mlango wa msikiti. Nilisoma polepole na sauti nimeitoa kidogo, Mungu anisamehe. Alipotajwa mbuzi, randa iliendelea. Kitanda kilipotajwa, iliendelea. Nilipofika kwenye yule hamali, ikanyamaza. Nilisoma mpaka mwisho sikuthubutu kuinua macho. Baba akasema, "Rudia hapo pa bandarini." Nikarudia. Akasema nirudie tena. Kisha akachukua randa yake, lakini hakuwa akikata kitu, niliona.

Siku nyingi zikapita. Mama akanizuia nisimuulize. Usiku wa juzi wakati tunakula akaniuliza, "Huyo kaka Ame, fimbo anaishika mkono gani?" Nikamwambia wa kushoto. Basi.

Leo asubuhi amenunua tiketi. Anakuja kwa meli ya Jumamosi, peke yake. Amesema asiambiwe mtu, atafika tu. Lakini shangazi, mimi siwezi kumwacha ashuke pale mara ya pili hakuna wa kwao anayemngoja. Nakuomba uende. Hata wewe tu.

Sichana


Chuini, Unguja
4 Desemba 1955

Mwanangu Sichana,

Marahaba mara mia. Tazama juu ya karatasi uone naandikia wapi. Nimekaa kwenye ile baraza, mguu wa kaka Ame uko juu ya mto, na baba yako ameuvua mlango wa mbele, anasema uliwekwa na mtu mwenye haraka. Wamebishana tangu asubuhi kuhusu bawaba. Baba yako atakaa mpaka amalize, na kwa wanavyobishana, mwambie mama yako asimngoje karibuni. Mje nyinyi. Bi Mwanakheir keshaanza kuroweka mchele.

Barua yako ilinifikia Ijumaa jioni. Nilimwamsha Duni, tukaja hapa. Kaka Ame alikuwa hajafika Mjini tangu masika. Nilimwambia, Simai anashuka kesho, mimi nakwenda kumpokea, wewe pumzika tutamleta. Akaishika fimbo yake. Alisema, "Nipeni kanzu."

Bandarini tuliwahi kuliko meli. Watu wakamletea kiti, akakataa, akasimama kwa fimbo yake katikati ya mahamali na mizigo. Kwa kweli nilimtazama kaka yangu nikamwona mzuri siku ile, na sijui kama nimewahi kumwambia. Baba yako akashuka na sanduku lake la zana. Akamwona. Akasimama pale pale kwenye ngazi, walio nyuma wakaanza kupiga kelele apishe. Akaja. Akaweka sanduku chini, akasema, "Shikamoo kaka."

Kaka Ame hakuitikia. Nikasema moyoni, basi, imeharibika, tumekuja kuaibika mbele za watu. Akamkabidhi Duni fimbo. Akamshika baba yako mikono yote miwili, akamwambia, "Simai, mdogo wangu. Baba katutoka. Tumemzika jana laasiri. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Mwanangu, baba yako alilia. Alilia kilio cha mtu aliyeipata habari saa ile, akamwegemea kaka yake, naye na mguu ule akasimama akambeba. Mahamali wakatua mizigo. Mmoja akaniuliza nani aliyefariki, nikamwambia baba yetu. Akasema inna lillahi, akawaita wenzake, wakaja mmoja mmoja wakatushika mikono wakitupa pole na msiba. Tukazipokea zote, sisi watatu, na hakuna aliyewaambia kuwa ni msiba wa zamani.

Shangazi yako akupendaye,
Kazija